SOMO: Dizeli gani ya kutia kwenye pikapu za kisasa (someni kwanza, ndipo muulize)

Swali ni lile lile: "Fundi, nimechukua D-Max, nitie dizeli ya kampuni gani?" Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja, tena kwa ujumbe wa sauti unaoanza na salamu za ukoo mzima. Haya, yote haya hapa.

Nazungumza na wenye komoni reli, yaani injini ambazo nozeli zote (vinyunyizio vya dizeli) zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, ndiyo reli: Hilux za injini ya 1GD na 2GD, D-Max, Ranger, Navara, L200 na jamii zao. Mwenye Hilux ya injini ya 3L au Isuzu TFR ya zamani asome kwa kujifurahisha. Pampu yake inavumilia mengi ambayo hizi hazivumilii. Tairi lako lina presha ya baa mbili na ushee. Reli ya injini hizi inafika karibu baa 2,000 na nyingine hupita hapo. Pampu inayosukuma presha hiyo haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Ukilielewa hilo, mengine yote ni nyongeza.

Kuhusu kampuni: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, hapa Mombasa, kiliacha kazi hiyo 2013. Tangu hapo dizeli yote tunayonunua inakuja imeshasafishwa, inashuka kwenye gati la mafuta la Kipevu, inaingia kwenye mfumo wa mabomba na matangi wa Kenya Pipeline, na humo mali ya kampuni zote inachanganyika. Shehena moja hugawanywa kwa wengi. Kwa hiyo dizeli ya sheli yenye bango la kumeremeta Nyali na ya sheli isiyo na jina Miritini huenda zote zimetoka meli moja. Tofauti huanza lori likishapakia: tangi lililozikwa pale kituoni, filta ya pampu, na roho ya mwenye kituo. Zile dizeli za bei ya juu ni hiyo hiyo iliyotiwa viungio vya kusafisha nozeli. Hazina ubaya, ukiwa na pesa tia. Lakini hazitaokoa injini iliyonyweshwa maji.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha gari na kibandiko kwenye mfuniko wa tangi.

Hatua ya 2. Jua gari lako limeundiwa salfa kiasi gani. Kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa 2015 hadi salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa kila milioni); kabla ya hapo tulikuwa tukitia ya 500. Pikapu iliyouzwa mpya na wakala wa hapa huwa imechaguliwa kwa dizeli ya hapa. Angalia sana ikiwa yako imeshuka bandarini kutoka Japani au Uingereza, kwani huko dizeli ni ya 10 ppm. Inama chini uangalie ekzosi: ina kopo la DPF, yaani kichujio cha masizi? Kuna mfuniko wa pili, wa buluu, wa AdBlue, yaani maji ya urea ya kusafisha moshi? Kama havipo, endelea na maisha. Kama vipo, gari litatembea kwa dizeli yetu, ila salfa iliyozidi inachosha katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kichujio kinajaa upesi. Uliza hayo kabla ya kulipa. Ukishalipa, unaniuliza mimi nifanye nini?

Hatua ya 3. Chagua tangi la kituo. Penda sheli yenye kazi nyingi, ambapo malori na matatu za dizeli zinapanga foleni. Mafuta hayalali hapo. Ukikuta lori la mafuta linashusha, pita, rudi baadaye, maana takataka za chini ya tangi zimeamshwa. Wakati wa masika, sheli ambayo uwanja wake hugeuka bwawa iache kwa siku kadhaa. Na bei: EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi. Kushusha shilingi kidogo ni biashara. Anayeuza kwa bei ya kutupa, yeye ameipata wapi?

Hatua ya 4. Pale pampuni. Hii ndiyo hatua iliyonitoa jasho kuliko zote, kwa hiyo msinikimbie. Mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba kuliko wa dizeli. Maana yake ni kwamba petroli inaingia kwenye tangi la dizeli bila kikwazo chochote. Rangi ya mpini usiitegemee, kila kituo kina zake. Wala usiseme "jaza" kisha ukainamia simu. Shuka. Sema "dizeli", ukisikika. Hakikisha mhudumu amerudia neno, soma kilichoandikwa kwenye pampu, ona namba ziko sufuri, ndipo mpini uinuliwe.

Ikishatokea petroli imeingia, hata lita chache:
– USIWASHE. Usizungushe ufunguo hata kidogo, hata kufungua kioo. Magari mengi yana pampu ndogo ndani ya tangi inayoanza kusukuma mara tu dashibodi inapowaka.
– Usikubali ule ushauri wa "ongeza dizeli juu yake, itachanganyika". Ulifaa kwa magari ya mababu.
– Weka gia huru, lisukumwe kando. Kama ufunguo ni wa kubonyeza na gia haitoki, liache pale pale, watu wapige honi mpaka wachoke.
– Tangi limwagwe lote, filta mpya, mipira ya kupitisha dizeli isafishwe, ndipo liwashwe.

Petroli inaosha ulaini wote. Chuma kinasaga chuma ndani ya pampu, na unga wake unasafiri hadi kwenye reli na nozeli zote. Hapo hubadilishi kitu kimoja. Unabadilisha pampu, reli na nozeli zote nne pamoja, na bili yake utaisoma umekaa. Kumwaga tangi ni kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 5. Maji. Hewa ya huku imejaa unyevu, na tangi lililo nusu tupu linatoa jasho kwa ndani. Gari likilala siku nyingi, lilale limejaa. Taa ya manjano yenye alama ya filta na mawimbi ikiwaka, simama. Chini ya filta pana skrubu ya plastiki. Weka chupa, legeza kwa mkono, maji yatatangulia, yakifuatiwa na dizeli safi funga. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ukiwasha bila kufanya hivyo utalia na hewa. Filta nunua halisi. Ile ya bei ya maandazi ina karatasi isiyotenga maji.

Hatua ya 6. Risiti, kila mara.

MASWALI

Kijana wa Mikindani: Somo zuri fundi. Kwa hiyo mimi nitie ya kampuni gani?

Fundi: Rudi juu, aya ya tatu.

Mama Kuku wa Kisauni: Fundi shikamoo. Nina D-Max ya kupeleka kuku Kilifi, dereva ndiye anayetia mafuta. Nitajuaje kama anatiliwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa? Mimi si fundi.

Fundi: Marahaba mama, umeuliza la maana. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu, ndiyo sababu nayaogopa. Zamani yalikuwa na bei ya chini mno kuliko dizeli, na mchezo ulikuwa mkubwa. Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili bei zikaribiane, na EPRA hupima vituo kwa alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta ya taa na yale ya kwenda nje. Mchezo umepungua, haukuisha.

Kwako wewe: mwambie dereva, akitia mafuta, achukue nusu lita kutoka pampu hiyo hiyo kwenye chupa ya kioo nyeupe iliyokauka vizuri. Iache itulie kama nusu saa. Dizeli nzuri inang'aa, unaweza kusoma gazeti nyuma yake. Ukungu ni unyevu. Matone yaliyokaa chini ni maji. Mafuta ya taa macho hayayaoni, ila chovya kidole unuse, harufu ya jiko la utambi unaijua. Tena nunua haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa mafuta ukilinganisha na maji, ambayo ni 1. Dizeli kwenye joto letu la nyuzi 30 huwa kati ya 0.81 na 0.86, mafuta ya taa kwa kawaida yako chini ya hapo. Mchanganyiko mdogo hautaonekana kwa kipimo kimoja, kwa hiyo andika namba unayoisoma kwa dizeli ya kituo chako kila mara. Ikishuka ghafla, hama. Na dereva afungiwe kituo kimoja, risiti mezani.

Jogoo la Jomvu: Mnatisha watu bure. Mzee wangu kaendesha TFR kwa mafuta ya taa miaka na miaka, mpaka leo inavuta.

Fundi: TFR. Nimeiandika pale mwanzo kabisa, kabla ya Hatua ya 1. Mpe mzee salamu, na hiyo Ranger yako mpya usimuige.

Jogoo la Jomvu: Sijasema nina Ranger.

Fundi: Umeweka picha yake hapo kwenye wasifu wako, yakhe.

Bahari Mbili: Assalaam aleikum. Mke wangu anauza viazi karai na bhajia, mafuta yaliyotumika ni mengi. Nimesikia dizeli inaweza kwenda kwa mafuta ya kupikia. Ni porojo?

Fundi: Waaleikum salaam. Si porojo hata kidogo. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikaenda. Lakini ile haikuwa na nozeli yenye matundu membamba kama hizi za leo. Mafuta ya kupikia ni mazito, hayanyunyiziki vizuri, yanaacha masizi kama gundi kwenye pete za pistoni, na yaliyokaangiwa yana maji na chumvi. Ili yafae lazima yageuzwe kuwa biodizeli, kwa methanoli na magadi makali (kostiki soda), kisha yaoshwe na kukaushwa. Methanoli ni sumu na inashika moto haraka, kwa hiyo si kazi ya jikoni pale pale na watoto. Hata ikifaulu, watengenezaji wengi wanaruhusu asilimia chache tu ndani ya dizeli, soma kitabu chako. Ukipata jenereta ya kizamani au injini ya kizamani ya Lister, hapo njoo tuongee, nami nitafurahi.

Dizeli Damu: Fundi mmoja kaniambia AdBlue inaongeza nguvu. Nimimine lita ngapi kwenye dizeli?

Fundi: Hata tone. Ni maji yenye urea asilimia 32.5. Lina tangi lake. Likiingia kwenye dizeli fuata masharti yote ya petroli hapo juu, na huyo fundi mhame.

Nyumba ya Ghorofa: Hilux yangu imetoka Japani, taa ya DPF inawaka kila mara. Nakaa Bamburi, kazini ni Likoni. Nikate?

Fundi: Usikimbilie msumeno. Kichujio kinajisafisha kwa kuchoma masizi, kwenye joto la kama nyuzi 600, na joto hilo halipatikani kwenye foleni ya feri. Lipeleke gari Mariakani au Kilifi, mwendo wa kasi isiyobadilika, injini ikiwa na kazi kidogo. Usizime katikati. Ukizima zima kila mara, dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili: ikiwa imepanda juu ya alama, mwaga yote, usipunguze. Na oili iwe ya majivu kidogo, zile zenye alama ya ACEA C. Wengi wanalaumu dizeli kumbe kichujio kimejazwa na majivu ya oili ya kawaida.

Kijana wa Mikindani: Je, ni kweli tutie asubuhi mafuta yakiwa baridi, tupate mengi?

Fundi: Hili ni swali sasa. Dizeli hupanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja. Tangi la Hilux ni lita 80. Tofauti ya nyuzi mbili ni kama mililita 130, nusu kikombe. Na tangi la kituo liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki hivyo kati ya alfajiri na adhuhuri. Tia saa yoyote. Asubuhi ina faida ya foleni fupi tu.

Mama Kuku wa Kisauni: Hiyo haidromita nitaipata wapi, mwanangu? Duka la spea wamenipa ya betri.

Fundi: Irudishe mama, ya betri inaanzia 1.1 na dizeli haifiki hata 1, itazama mpaka chini. Nenda kwa wauzaji wa vifaa vya maabara za shule, waambie unataka ya 0.800 hadi 0.900, pamoja na kipimajoto na silinda ndefu ya kioo. Wakikuuliza ni ya darasa gani, waambie ya kuku.