Namna ya kufadhili mti wa miaka 10 ya Jiji la Dodoma na usife kabla ya Oktoba

Mbukwenyi wadau. 26 Aprili 2028 Dodoma inatimiza miaka 10 ya kuwa jiji, toka siku ile Rais Magufuli alipotangaza pale uwanja wa Jamhuri kwenye sherehe za Muungano 2018. Kama grupu lenu la wahitimu, kikoba, kwaya, msikiti au ofisi linataka kuacha alama kwa kufadhili miti kwenye bustani ya miti ya umma, ni wazo zuri sana, ila kuna namna ya kulifanya, maana kupanda miti Dodoma tunajua, kuitunza ndo kasheshe.

Kwanza tuelewane, bustani ya miti sio shamba la miti. Ukipanda mijohoro 300 kwa mstari umepata kivuli, sawa, lakini hiyo sio bustani ya miti. Bustani ya miti ni mkusanyiko, aina nyingi, kila aina michache, kila mti una namba, una kibao, na kuna daftari linaloonyesha mbegu ilitoka wapi na ulipandwa lini, mwanafunzi wa darasa la sita akija anautofautisha mninga na mkongo bila kumuuliza mtu.

Sasa tatizo kubwa ni kalenda. Dodoma tunapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, inaanza Desemba, Aprili inaaga. Angalia tarehe ya sherehe, 26 Aprili. Hata Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, ambayo kwa wenzetu wa Kagera au Mbeya haina shida, ardhi bado imelowa, ila huku ukipanda mche mwisho wa Aprili umeupanda moja kwa moja kwenye kiangazi cha miezi saba, na ule upepo wa Julai na Agosti unaokausha hadi midomo. Mgeni rasmi anapiga picha na koleo, watu wanakula pilau, Agosti ukirudi unakuta vijiti. Kwahiyo panda Desemba, Aprili sherehekea. Na kama mnaweza pandeni Desemba 2026, sio 2027, ili siku ya sherehe miti iwe imeshavuka kiangazi kimoja kizima. Mti uliovuka kiangazi cha kwanza Dodoma ndo unastahili kuandikiwa jina la mtu.

Tuje kwenye hela maana hapa ndo watu wanakosea mahesabu. Mtu akisikia "fadhili mti" anafikiria bei ya mche, anasema aa hiyo si hela ya soda tu. Mche ni rahisi kweli, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) huwa wanatoa miche kwa kampeni za kupanda miti, vitalu vya watu binafsi navyo vipo. Gharama iko kwenye maji. Piga hesabu hii: ndoo moja ya lita 20 kwa mti kwa wiki, kiangazi chukua wiki 30, hiyo ni lita 600 kwa mti mmoja. Miti 50 ni lita 30,000, yaani maboza matatu ya lita 10,000, kwa kiangazi kimoja, na mti unahitaji kuangaliwa viangazi viwili au vitatu. Uliza bei ya boza mtaani kwenu alafu zidisha. Ongeza uzio, ongeza kibarua wa kumwagilia, ongeza kibao, jumlisha yote ya miaka mitatu, gawa kwa idadi ya miti. Hiyo namba utakayoipata ndo bei ya kufadhili mti mmoja, na itawashtua watu kwenye grupu, waache washtuke. Bora miti 20 iliyolipiwa mpaka mwisho kuliko 200 ya kupigia picha. Anayeona ni nyingi mwambieni aungane na wenzake watatu kwenye mti mmoja, hamna dhambi.

Hela zikikusanywa zisikae kwenye simu ya mtu hata kama ni mwenyekiti na ni mcha Mungu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Na chochote mnacholipa kwa halmashauri kinalipwa kwa kontroo namba, mtu wa ofisini akikwambia nitumie kwenye namba yangu hii nitakuwekea, mshukuru alafu ondoka.

Ardhi. Hapa msiwe na haraka. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, mpitishe kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, mseme mnataka kufadhili miti, mingapi, kwa muda gani, na muombe eneo ambalo kwenye mchoro wa mipango miji limeandikwa eneo la wazi au bustani. Muombe kuuona mchoro kwa macho yenu. Mji huu ulichorwa na maeneo ya kijani toka mpango wa 1976 uliofanywa na wale jamaa wa Toronto, Canada, Project Planning Associates, shida ni kwamba eneo la wazi likikaa wazi muda mrefu linaanza kupata wenyewe, leo kibanda, kesho tofali, keshokutwa mnaambiwa ni kiwanja cha mtu. Msipande kwenye hifadhi ya barabara kuu, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, siku wakipanua katapila haliulizi mti ni wa marehemu nani. Chini ya nyaya za TANESCO pia hapana, watakuja kukata vichwa vya miti yenu na wana haki.

Kwenye makubaliano (yawe ya maandishi jamani, sio "mkuu ameshakubali") hakikisheni mambo haya yamo: mti ukifa nani anapanda mwingine, nani anamwagilia na mpaka lini, maji yanatoka wapi, kibao kinakaa miaka mingapi, na jiji likihitaji eneo hilo miti inakuaje. Suala la maji ulizieni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, mapema, maana kama kuna bomba karibu gharama inashuka sana.

Aina za miti sasa, hapa ndo penye utamu. Kwa bustani ya katikati ya Tanzania mimi ningeanza na ya kwetu: mbuyu, mkwaju, mninga, mpingo, mkongo, migunga ya aina tofauti, mkuyu kama kuna sehemu ya bondeni. Mwarobaini na mjohoro ni wageni wa zamani kutoka Asia, vinavumilia, weka kimoja kimoja kwa ajili ya kivuli ila visije vikala nafasi yote kama vilivyokula mjini. Na kama mna mtu wa Manyoni mwambieni awasaidie kupata mbegu za vichaka vya Itigi, uoto ule haupatikani sehemu nyingi duniani na sisi tunaupita na basi tukiwa tumesinzia.

Kila mti una tabia zake na mfadhili anatakiwa aambiwe kabla. Mbuyu mchanga majani yake sio yale ya vidole vitano, ni jani moja moja la kawaida tu, kwahiyo kibarua anayepalilia asiyejua anaung'oa akidhani ni gugu, na mfadhili akija anasema hapa mmenipandia nini. Mninga ndo una vituko zaidi: ukiwa mdogo, kila kiangazi shina lake linakauka mpaka chini kabisa, unaona kijiti tu, mvua ikija unachipua tena kutoka kwenye mzizi, na unaweza kurudia mchezo huo miaka kadhaa mpaka mzizi ushibe ndo shina lipande moja kwa moja. Mtu aliyelipia mninga kwa jina la mama yake akija Septemba akakuta kijiti atalia, kwahiyo mwambieni mapema na msiruhusu mtu aung'oe kwa kudhani umekufa. Mpingo nao ni wa subira, kufikia ukubwa wa kuvunwa ni zaidi ya miaka 70, anayetaka kivuli cha harusi ya mwanae mpeni mkwaju, na hata huo mkwaju mwanae awe bado yuko chekechea.

Nafasi kati ya mti na mti usiwe bahili, mbuyu upe hata mita 15.

Miche iandaliwe kuanzia Julai au Agosti, mninga hata mapema zaidi. Mbegu mnaweza kuagiza TFS kupitia kituo chao cha mbegu Morogoro, au muokote wenyewe chini ya mti mzuri wenye afya, muandike mmeokota wapi. Kwenye kitalu angalieni mizizi isitoboe kiriba (kile kifuko cha nailoni cha mche) na kuingia ardhini, sogezeni viriba mara kwa mara na mkate mizizi iliyochomoza. Wiki tatu nne kabla ya kupanda punguzeni maji, mche uliodekezwa kitaluni hauliwezi jua la huku. Na mwoteshe zaidi ya mnavyohitaji, kwa kila miti 100 akiba 20 au 30 ibaki kitaluni.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, Oktoba Novemba, sentimita 60 kwa 60 kwenda chini 60, udongo wa juu upande mmoja wa chini upande mwingine. Ukifika kwenye tabaka gumu, lile linalorudisha sururu kama umepiga sakafu, usiishie hapo, livunje, maji yasipopita hapo mzizi nao haupiti. Ule udongo wa juu changanya na samadi iliyooza vizuri, rudisha chini. Usipande siku ya mvua ya kwanza, hiyo huwa ni ya kutudanganya, subiri ardhi ilowe mpaka ukichimba kiganja na nusu bado unakuta unyevu. Siku ya kupanda chana kiriba chote kitoke, wako watu wanapanda na kiriba chake, mizizi inazunguka humo ndani mti unadumaa miaka. Tengeneza kisahani kuzunguka mche, upana wa mita moja hivi, kingo zimeinuka, ili kila tone lililoanguka libaki hapo. Na mjiandae na ndoo hata masika, maana Februari mvua huwa inapotea ghafla.

Maadui ni wawili, mbuzi na mchwa. Mbuzi dawa yake ni miiba ya mgunga kuzunguka kila mche, na uzio wa minyaa kuzunguka eneo zima, ila anayekata minyaa alinde macho, ule utomvu sio wa mchezo. Mchwa wanapenda mti wenye kiu, kwahiyo dawa ya kwanza ni maji, ya pili weka majivu kuzunguka shina, na zile nyasi kavu unazoweka kuhifadhi unyevu zisiguse shina, acha nafasi ya kiganja, ukizisogeza mpaka kwenye shina umewajengea mchwa daraja.

Kupunguza maji yanayopotea, chukua chupa ya lita moja na nusu, kata kitako, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, izike nusu kichwa chini pembeni ya mche, jaza. Maji yanashuka taratibu hadi kwenye mizizi badala ya kuruka na jua. Chungu cha udongo kilichozikwa kinafanya kazi hiyohiyo na ni kizuri zaidi, ila kinaibiwa.

Kibarua mtafuteni anayeishi mtaa huohuo, mlipeni kwa mwezi, alafu Novemba mpeni nyongeza kwa kila mti ulio hai. Mkilipa kwa kumwagilia tu mtapata maji yaliyomwagwa, mkilipa kwa mti hai mtapata miti. Na kila mwezi mtu wa kikundi apite apige picha ya kila mti kwa namba, arushe kwenye grupu, wafadhili waliopo Dar na Mwanza waone mti wao.

Kuhusu majina: jina la mfadhili lifungwe kwenye namba ya shimo, sio kwenye mche. Shimo B7 ni la familia fulani, mche ukifa unapandwa mwingine B7, familia haipigiwi simu ya msiba mara ya pili. Kibao kiwe na jina la Kiswahili, jina la Kigogo (muulizeni mzee wa hapohapo, msikisie), jina la kisayansi, mwaka, na jina la mfadhili kwa maandishi madogo, huu sio ubao wa matangazo ya bia. Msitumie bati wala aluminiamu, watu wa vyuma chakavu wanapita hata usiku. Mwageni zege dogo kama tofali, andikeni likiwa bichi au mbandike kigae chenye maandishi, likae chini pembeni. Na msigongelee misumari kwenye mti.

Siku yenyewe ya 26 Aprili kazi inakuwa rahisi: kila mfadhili anakaa pembeni ya mti wake, kibao kinafunuliwa, anamwagia ndoo moja, picha, pilau. Mgeni rasmi lazima atataka kupanda, protokali yake ndo hivo, wekeni shimo moja tayari, mche mkubwa kutoka kwenye ile akiba, na hilo shimo liwe jirani kabisa na bomba.