Machipuko ya Baridi: Kutoka na Watoto Vijijini Yorkshire

Nimekulia Lushoto. Julai kwetu ukungu hushuka mpaka mlangoni na njia ya shambani huteleza kama imepakwa sabuni, kwa hiyo nilipohamia bonde moja la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, niliamini baridi na matope nimeshavizoea. Kilichonishinda ni jinsi baridi ya huku inavyokaa. Masika ya nyumbani humwaga, kisha jua likatoka na nguo zikakauka uani. Majira ya machipuko ya huku, Machi hadi Mei, yakiwa mabaya, ni rasharasha ya siku kumi mfululizo, nyuzi sita au saba mchana, na upepo unaotafuta kila tundu la kifungo. Watoto wanashinda ndani wakigombana, vioo vya madirisha vinatoka jasho, na kila jioni unakwenda kuchungulia tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, maana gari la mafuta mara nyingi halileti chini ya lita 500.

Familia nyingi za sisi tuliotoka Afrika Mashariki hapo hujifungia mpaka Juni. Hofu hiyo naielewa, lakini inawaumiza watoto. Kijijini asiyetoka haonekani, na asiyeonekana hajulikani. Siku mtoto akiugua usiku au gari likigoma, hakuna mlango wa kubisha. Tokeni. Ila mpango uanzie kwa mtoto mdogo kuliko wote, si kwenye kilele anachokitamani baba.

Mavazi

Jinzi ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa haikaukii mwilini, na upepo ukipita juu yake unaondoka na joto lako. Ndani vaa fulana ya sufu au ya poliesta, juu yake sweta nzito, kisha koti la mvua, na chini suruali ya mvua. Hiyo suruali ndiyo tunayoisahau sana. Mtoto akilowa mapaja, safari imekwisha hata kama kichwa ni kikavu. Mitumba ipo huku pia: katika miji midogo kuna maduka ya hisani yanayouza nguo za mvua za watoto kwa bei ndogo, kwa sababu watoto wa hapa nao hukua kabla nguo hazijachakaa.

Gambuti zinafaa kando ya mto na kwenye uwanja wa zizi. Kwenye mawe ya mteremko yaliyolowa zinateleza, na mguu ndani yake unapoa haraka. Kwa kupanda, vaa viatu vyenye meno. Beba soksi za akiba kwa kila mtu ndani ya mfuko wa plastiki. Nimeona mtoto aliyekuwa akilia akatembea kilomita mbili zaidi kwa sababu tu ya soksi kavu.

Akina mama wenzangu, kumbeba mtoto mgongoni kwa khanga ni salama huku pia, ila khanga ni pamba. Ifunge kavu, kisha vaa koti kubwa linalowafunika wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi. Na mkumbuke kwamba wewe unatembea na kutoka jasho, lakini yeye hatembei. Mtoto anayebebwa hupoa mapema kuliko anayeanguka matopeni akicheka. Usimpime kwa vidole, maana vidole mara nyingi huwa baridi. Ingiza mkono shingoni kwa nyuma au kifuani. Kukiwa baridi hapo, geuza safari.

Kupanga njia

Uingereza na Wales zina utajiri ambao wageni wengi hawaujui: njia za miguu zinazolindwa na sheria, zinazokatiza hata katikati ya shamba la mtu. Kibao kikisema Public Footpath, au ukiona mshale wa njano kwenye nguzo, una haki ya kupita kwa miguu, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mshale wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasimama getini na watoto, najiona mvamizi. Fuata mstari wa njia, funga geti kama ulivyolikuta, na usiparamie kuta za mawe. Zimepangwa bila saruji, na jiwe moja likidondoka hufuatwa na mengine.

Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo sentimita nne zake ni kilomita moja. Njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani. Simu ni nzuri, lakini mabondeni mtandao hupotea na baridi hula betri.

Kuna kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Iliwalenga watu wazima wenye afya. Ukiwa na watoto na matope, zidisha mara mbili, na hata hivyo weka saa ya kugeuka kabla hamjatoka mlangoni. Ikifika, mnageuka, hata kama mwisho unaonekana. Mwanga usikudanganye. Saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwanzoni mwa Aprili jua huzama saa mbili kasoro hivi usiku. Mchana ni mrefu, lakini joto halijaufuata.

Mimi huandaa njia mbili kwa kila Jumamosi, moja ya siku kavu na moja ya siku ya maji, na huamua asubuhi baada ya kusoma utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku. Kwa Malham, kwa mfano, siku kavu tunazunguka kutoka kijijini hadi maporomoko madogo ya Janet's Foss, kisha korongo la Gordale, kisha juu ya jabali la Malham Cove lenye urefu wa mita 80 hivi. Siku ya mvua hatufiki juu hata kidogo, kwa sababu jiwe lile la chokaa limesuguliwa na miguu ya watu na likilowa linateleza vibaya. Tunakwenda Janet's Foss tu na kurudi. Mvua ikiwa imenyesha, maporomoko yamejaa na watoto wanayapenda zaidi.

Wasio na gari wana reli ya Settle hadi Carlisle. Shuka Ribblehead, tembea chini ya daraja la reli la matao 24, mle mandazi mkiwa mmejikinga upepo nyuma ya nguzo, mrudi kituoni. Njia ni imara chini ya mguu na ni pana. Angalia tu saa za treni za kurudi kabla ya kupanda, maana ni chache. Vilele vya jirani, Whernside wa mita 736 na Ingleborough wa mita 723, viacheni mpaka hewa itulie. Bondeni inaweza kuwa rasharasha na huko juu theluji. Machi 2013 theluji na upepo wa mashariki viliua maelfu ya kondoo na wanakondoo, wengine wakiwa wamefukiwa kando ya kuta walikokwenda kujikinga, huko Cumbria, Wales na Ireland Kaskazini.

Mto ukifurika, usijaribu kuvuka, hata maji yakionekana ya magotini. Njia ikimezwa na maji, hiyo ndiyo saa ya kugeuka.

Kondoo

Mlimani kondoo huzaa zaidi Aprili na kuingia Mei, wakati huohuo wa baridi hii. Mfugaji hajalala wiki kadhaa. Mpisheni. Msipite kati ya mama na mtoto wake, na mwanakondoo aliyelala peke yake msimnyanyue, maana mara nyingi mama yupo karibu akiwasubiri muondoke. Watoto wetu hutamani kumbeba. Wafundisheni kabla ya kutoka. Mbwa awe kwenye kamba. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni mbali, hata kama ni nje ya njia.

Mjamzito asikaribie kabisa kondoo wanaozaa, wala asifue nguo za aliyesaidia uzazi huo. Kuna magonjwa ya kondoo yanayoweza kuua mimba. Wengi wetu tumekulia kwenye mifugo na tunalichukulia jambo hili kwa wepesi. Tafadhali msilichukulie hivyo.

Mkiona mfugaji, salimieni kwanza. Neno moja kuhusu mvua linatosha. Urafiki wetu na nyumba ya jirani ulianzia hapo, getini, kila mtu akitiririka maji.

Likitokea baya

Mtu akianza kutetemeka, kujikwaa na kuongea kama mlevi, mwili wake umepoa kupita kiasi. Mkinge upepo, mvue kilicholowa, mvishe kikavu, mpe kitu kitamu akiwa na fahamu zake. Piga 999 au 112, omba polisi, kisha sema unahitaji uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawadai malipo, kwa hiyo woga wa bili usikucheleweshe. Kabla ya kutoka, tuma neno register kwa 999 ili uweze kuwatumia ujumbe mfupi pale simu isipopiga. Beba kipenga cha kuombea msaada: kipulize mara sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia.

Mkirudi

Jiko la mkaa msiingize ndani hata siku moja, hata umeme ukikatika. Penye jiko la kuni weka king'ora cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya moto isiyo na harufu. Viatu jaza magazeti, viache mbali na moto ili ngozi isipasuke. Nguo zikianikwa ndani, fungua dirisha kidogo. Ukuta ukinywa mvuke huo, utaota kuvu.

Kisha vua watoto, uwakague kupe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Kwenye ngozi yetu nyeusi kupe mdogo haonekani kirahisi, kwa hiyo papasa kwa vidole. Ukimpata, mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta taratibu na moja kwa moja, na andika tarehe. Homa au wekundu unaopanuka wiki zinazofuata, mwone daktari na umwonyeshe ile tarehe. Na wakati uji unachemka, wape vitamini D yao. Huku hushauriwa maikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tufikirie kuitumia mwaka mzima.