Tangi la maji chumvi la lita 720: kuanzia sakafu hadi samaki wa kwanza

Tangi ninaloeleza liko sebuleni kwangu Mombasa: urefu mita 2, upana sentimita 60, kina sentimita 60.

1. Sakafu na meza. Maji peke yake yana kilo 740 hivi. Jumlisha kioo, mchanga, mawe na meza, umepita tani moja. Liweke ghorofa ya chini, mahali jua halipigi. Laza pimamaji kila upande wa meza kabla fundi hajapandisha kioo. Meza ikiinama, gundi ya pembe moja huelemewa kuliko nyingine.

2. Maji. Ya bomba yana klorini, kwa hiyo tumia yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, inayopitisha maji kwenye utando mwembamba sana. Tia chumvi ya akwaria, gramu 35 hadi 38 kwa lita. Ya jikoni haifai, haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Acha pampu izungushe hadi kesho yake, kisha pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: unatafuta 1.025, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi.

3. Mawe, halafu subira. Panga mawe makavu ya chokaa juu ya kioo chenyewe, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki wachimbaji watayaangusha. Tafadhali usivunje matumbawe baharini. Kipande cha ukubwa wa kichwa kimechukua miaka mingi kukua.

Sasa tumbukiza kamba mbichi mmoja, bila samaki. Akioza anatoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali, wanaanza kuzaliana kwenye mawe. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda kisha ishuke. Nitriti itafuata njia hiyo hiyo. Mwisho itabaki nitrati. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Mawe yakivaa utando wa kahawia usishtuke, utaondoka wenyewe. Amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, badilisha robo ya maji. Hapo tangi limeiva.

4. Samaki. Wawili kwa wakati mmoja, si zaidi, na kila mgeni akae wiki 4 kwenye tangi dogo la pembeni. Kangaja wa buluu anapendeza mno, lakini hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe, kwa hiyo mwache awe wa mwisho. Dawa ya shaba, inayotibu ugonjwa huo, iishie kwenye tangi la pembeni. Konokono na matumbawe hawaivumilii.

5. Matunzo. Hapa ndipo nilipoumia. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki, lakini mimi nilikuwa nikijazia maji ya chumvi. Baada ya muda rifraktomita ilisoma 1.030 na samaki walikuwa wamekunja mapezi, hawali. Jazia maji yasiyo na chumvi, kila siku. Kwangu, feni ikipuliza juu ya maji ili joto lisipite nyuzi 27, zinakauka lita 5 au zaidi kwa siku. Kubadilisha maji ndiko kunakohitaji chumvi: asilimia 10 kila wiki. Kikombe cha skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu, nakiosha kila siku ya tatu.

Umeme ukikatika, hewa ndiyo huisha kwanza. Utamwona kangaja amepanda juu, mashavu yakipiga haraka haraka. Weka pampu ya hewa ya betri karibu na tangi, yenye chaji. Kama huna, chota maji kwa kopo na uyamwage kutoka juu, tena na tena, na usiwalishe mpaka umeme urudi.