Kuitoa Riwaya ya Fantasia Kitabuni na Kuileta Mezani: Hatua kwa Hatua

Mchezo wa uhusika wa mezani ni masimulizi ya pamoja: kila mchezaji humbeba mhusika mmoja na kumwamulia la kutenda, naye msimamizi husimulia ulimwengu na watu wengine wote waliomo, na matokeo yakiwa na shaka, dadu hukata shauri. Kwa miaka ambayo nimesimamia mchezo huu hapa Mji wa Kale, Mombasa, swali ninaloletewa kuliko jingine lolote ni namna ya kuichezesha riwaya ambayo mtu ameipenda. Nitaeleza njia ninayoifuata mimi, na mfano wangu utakuwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kwa kuwa ni fantasia iliyoandikwa kwa Kiswahili na wengi wetu tunaifahamu.

Hatua ya 1: Chukua kanuni ya ulimwengu, uache kisa

Mwandishi wa riwaya amekwisha kuamua nani atasaliti na nani atasamehe. Wachezaji wakitambua kwamba lililoandikwa litatokea hata wakifanya nini, wanageuka wasikilizaji. Ndivyo ilivyokuwa katika kikao cha kwanza nilichokiandaa: nilisimulia sura baada ya sura kwa ufasaha wote niliokuwa nao, hadi kijana mmoja akaniuliza kwa upole iwapo zamu yake ingefika. Swali lile lilinifunza kazi hii kuliko kitabu chochote.

Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na ulioizaa aina hii yote, unaonyesha njia iliyo bora. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wake wawili, hakuchukua kisa cha mwandishi Jack Vance, bali alichukua kanuni yake moja: mchawi hukariri maneno ya uchawi, na akishayatamka yanamtoka akilini mpaka ayakariri upya. Kanuni hiyo moja iliwalazimisha wachezaji wa nchi nyingi kupima kila uamuzi, kwa sababu uchawi ulikuwa na bei.

Kwa hiyo isome riwaya yako ukiwa na kalamu, na uandike mambo matatu: lisilowezekana, lenye bei, na anayeilipa bei hiyo. Katika Adili na Nduguze, liwali Adili analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili, ambao kwa hakika ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya hiana yao. Hapo kanuni imekwisha kupatikana: adhabu haipumziki hata usiku mmoja, na anayeadhibu huumia pamoja na anayeadhibiwa. Mengine yote nayaweka kando, hata yale niliyoyapenda sana.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Usimpe mchezaji nafsi ya shujaa wa kitabu, kwani mezani atakuwapo mtu anayekumbuka shujaa huyo alifanya nini, naye atamsahihisha. Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, ilipozigeuza kazi za Andrzej Sapkowski kuwa mchezo wa kompyuta wa The Witcher mwaka 2007, iliviweka visa vyake baada ya vitabu kumalizika, na ingawa ilimbakiza shujaa yuleyule, mchezaji aliachiwa nafasi ya kuamua. Mimi hupendelea kuingia kwa mlango wa uani. Katika riwaya, mjumbe Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu, anakotawala Adili, kwa ajili ya kodi, naye ndiye anayeishuhudia adhabu ile ya usiku. Mezani kwangu wachezaji ni watu wa msafara wake: mwandishi wa hesabu, mlinzi, tabibu, nahodha. Wanafika wakiwa hawajui lolote, wanalala nyumba ya liwali, na usiku wanasikia mjeledi.

Hatua ya 3: Kubalianeni kabla ya dadu kuguswa

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Mwambao huu una watu wengi ambao kwao jini si kiumbe cha kubuni. Muulize kila mmoja faraghani kama yuko radhi jini atajwe au aigizwe, na kama maelezo ya kupigwa yatamsumbua. Akikataa mmoja tu, badilisha; kiumbe wa baharini asiye na jina anaweza kuishika nafasi ya Huria na kanuni ikabaki ileile.

Hatua ya 4: Liache jina lifanye kazi ya kanuni

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu kanuni za mchezo zikitoka ndani ya riwaya yenyewe, ladha yake hubaki hata kisa kikibadilika kabisa. Shaaban Robert huwaita wahusika wake kwa tabia zao: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Basi kila mchezaji na achague jina la namna hiyo, kama Subira, Jasiri au Mdadisi, aliandike juu ya karatasi ya mhusika, na kanuni iwe hii: anayetenda kulingana na jina lake huongeza 1 kwenye dadu.

Dadu mbili za ludo zinatosha. Zina matokeo 36 kwa jumla: jumla ya 6 kushuka chini hutokea mara 15, ya 7 hadi 9 mara 15, na ya 10 kupanda juu mara 6. La kwanza ni kushindwa, la pili ni kufaulu kwa gharama, la tatu ni kufaulu bila deni. Nyongeza ya 1 inayotokana na jina hupunguza njia za kushindwa kutoka 15 hadi 10, na huongeza za kufaulu kikamilifu kutoka 6 hadi 10, kiasi ambacho mchezaji hukihisi mkononi. Hapo anaanza kujiuliza kama atabaki Subira wakati mjeledi unalia chumba cha pili, au ataikosa nyongeza ili auvunje mlango. Mwandishi wa riwaya angemjibia swali hilo. Mezani analijibu mwenyewe.

Hatua ya 5: Andaa maswali, usiandae matukio

Mimi huandika karatasi moja tu. Usiku wa kwanza: watachungulia au watajifanya wamelala? Usiku wa pili: nani atamkabili liwali, na kwa heshima gani? Usiku wa tatu: mjeledi usipolia, nani atabeba ghadhabu ya Huria? Majibu siyaandiki. Ninachokiandika ni kile ambacho kila mtu wa Janibu anakitaka, kwa sentensi moja, ili niweze kumjibia popote wachezaji watakapompeleka.

Hatua ya 6: Simulia kwa uchache

Fungua kwa "Paukwa!" na uwaache wajibu "Pakawa!", kwa sababu kitikio hicho huwatambulisha tangu mwanzo kwamba hadithi hii haiendi bila sauti zao. Kila mandhari yape sentensi tatu, mojawapo ikiwa ya harufu au sauti, kisha uulize: "Mnafanya nini?" Usieleze sana cheo cha liwali, Mombasa ilikuwa na maliwali wake hadi zama za ukoloni, na neno lenyewe linajitosheleza.

Kama unakusudia kuuchapisha mchezo wako, kumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, na ndani ya muda huo ruhusa ya mwenye haki ni lazima.

Kikao kikimalizika, kabla vikombe vya kahawa havijaondolewa, andika daftarini ahadi zote ambazo wahusika walizitoa na nani alizisikia. Kikao kijacho kianzie kwenye ahadi ambayo haijatimizwa, na mtu wa kwanza kuzungumza awe yule aliyeahidiwa.