Kupanda Nkungwe msimu wa mvua: pima mteremko kabla ya kuupita

Wageni wanaotaka kupanda Nkungwe huniuliza kwanza habari za viatu. Mimi nawauliza habari za mvua: imenyesha kiasi gani wiki hii? Nkungwe ndiyo kilele cha Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, mita 2,462, na Ziwa Tanganyika lililo chini yake liko kwenye mita kama 770. Ukishuka kwenye boti una karibu mita 1,700 za kupanda, na sehemu kubwa ni mteremko mkali wenye msitu.

Theluji hatuna. Ila kinachoua watu kwenye milima ya theluji, yaani mteremko kuelemewa na mzigo, huku kipo pia, na mzigo wetu ni maji yaliyojaa kwenye udongo. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Kabla ya yote, uliza ofisi ya Hifadhi ya Mahale kama njia iko wazi, na usipande bila mwongozaji na askari wa hifadhi. Mengine ni haya.

Hatua ya 1: Hesabu mvua iliyopita

Kigoma hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati mwingine unagusa Mei. Ardhi haipati nafasi ndefu ya kukauka katikati, kwa hiyo udongo wa Machi una maji ya miezi kadhaa ndani yake. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize, lakini huo ni wa mkoa mzima, na mlima una mvua zake.

Tengeneza kipimo chako. Chukua kopo la maziwa ya unga ambalo mdomo na kitako vina upana sawa. Liweke mahali pa wazi, mbali na matone ya miti, ulizungushie mawe lisianguke. Asubuhi chomeka rula: kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua iliyonyesha. Andika, mwaga, rudisha. Nikikuta milimita 50 za siku moja, au 100 kwa siku tatu, hatukatizi mteremko mkali mpaka ipite siku nzima kavu. Ni kiwango changu cha kujihami, kitabuni hukikuti.

Mtego uko kwenye asubuhi ya jua baada ya siku tatu za mvua. Anga jeupe, ziwa limetulia, kila mtu anataka kuondoka. Juu umekauka, lakini ndani ya udongo maji bado yanashuka. Wapandaji wa Alps, milima ya theluji ya Ulaya, wana mtego wa namna hiyo: dhoruba ikiisha, watu wanaikimbilia theluji mpya ambayo haijashikana na tabaka la chini. Kwao uzito wa mtu mmoja unatosha kuikata, na mara nyingi theluji inayomfukia mtu ameianzisha yeye mwenyewe au mwenzake. Udongo wetu hausubiri uzito wako, unasubiri maji. Kwa hiyo kunyata hakukusaidii kitu, kinachokusaidia ni kutokuwepo pale.

Hatua ya 2: Pima ukali wa mteremko

Njoo na fimbo mbili za urefu sawa, mita moja hivi (hifadhini hukati mti). Moja iwekee alama katikati kabisa. Isimamishe wima mtelemkoni; jiwe kwenye uzi litakuonyesha kama imenyooka. Ya pili ilaze mlalo kuanzia kwenye ile alama, ncha ikielekea upande wa juu wa mlima. Chupa yenye maji nusu, ukiilaza juu yake, itakuambia kama imelala sawa.

Ncha ikibaki hewani, mteremko uko chini ya nyuzi 27. Ardhi ikiizuia fimbo isinyooke yote, umevuka 27. Sasa ipandishe hadi kwenye kichwa cha fimbo ya wima; ikizuiwa hata hapo, umevuka 45. Theluji huporomoka zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, kwa sababu mteremko mkali zaidi ya hapo huwa unaimwaga kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kwa udongo ulioloa, mimi naanza kuwa mwangalifu kwenye 27.

Simu zina programu za kupima nyuzi, na ni nzuri. Simu iliyoloa si nzuri.

Hatua ya 3: Soma alama za ardhi

Tazama mashina. Mti uliopinda pale chini kisha ukanyooka kwenda juu umeota kwenye udongo unaotambaa polepole kwa miaka. Huo haunitishi sana. Kinachonigeuza ni ufa mpya unaokatiza mteremko, wenye kingo kali ambazo mvua haijazilainisha, na chemchemi mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Kijito nacho kikipungua ghafla huku mvua inanyesha, kuna kitu kimeziba huko juu. Ondoka korongoni mara moja, usisubiri kujua ni nini.

Hatua ya 4: Shika mgongo wa mlima

Matope hufuata makorongo, kwa hiyo panda kwa mgongo hata kama njia inazunguka. Hema usipige korongoni wala kwenye mdomo wa korongo, hata pakiwa tambarare pa kuvutia. Ule utambarare mara nyingi umeletwa na matope ya zamani. Sokwe wakikaa njiani, vaa barakoa, kaa mita 10 kutoka kwao, usubiri waondoke. Usiwazunguke kwa kuteremkia korongoni.

Korongo lisilokwepeka mnavuka mmoja mmoja. Mmoja anabaki ng'ambo akitazama juu, filimbi mdomoni. Anayevuka afungue mkanda wa begi kiunoni ili aweze kulitupa.

Hatua ya 5: Kileleni usikae

Kilimanjaro wapandaji huondoka usiku, na mojawapo ya faida zake ni kwamba baridi bado imeyashika mawe kwa barafu. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach yakaua wapandaji watatu. Sisi tunawahi kwa sababu ya radi, maana mvua nyingi za ngurumo huja mchana. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, toka kwenye nyasi za wazi, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Hapa ule mgongo uliokulinda na matope unakugeuka: shuka uingie msituni, lakini kando ya korongo, si ndani yake.

Juu kuna baridi ya nyuzi kama 10 zaidi ya ziwani. Aliyeloa akianza kuropoka au kushindwa kufunga zipu, mbadilishe nguo kavu hapohapo. Chai baadaye.

Hatua ya 6: Ikiporomoka

Kimbia kwa pembeni, kamwe usikimbilie chini. Mkiwa salama, hesabuni watu. Kabla ya kuingia kumchimbua mwenzenu, mtu mmoja asimame akitazama juu, maana tope la pili hupita njia ileile. Msaada huitwa kwa filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, dakika moja kimya, kisha mnarudia. Anayesikia hujibu kwa milio mitatu. Mkijibiwa, endeleeni kupuliza mpaka wawafikie.