Programu ya skuli haikabidhiwi ukaondoka

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kuuza programu kwa skuli na maduka hapa Pemba. Mimi natengeneza za ada na mahudhurio, Chake Chake, na mwalimu mkuu namwambia mapema kwamba kazi hii haina siku ya kwisha. Kwa hiyo bei ziwe mbili tangu kwenye makubaliano: ya kutengeneza, na ya matunzo ya kila mwezi. Ukiona haya kuitaja ya pili, utaifanya bure au programu itaachwa ife.

Kabla ya kuandika chochote muulize mhasibu: kipi kilibadilika mwaka jana? Ada, madarasa, walimu. Kila atakachokitaja kikae katika ukurasa wa mipangilio anaoweza kuubadilisha mwenyewe, kisizikwe ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Sikukuu khasa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 10 au 11, basi Ramadhani husogea kila mwaka, na Idi haijulikani mpaka mwezi uandame na Mufti atangaze. Programu iliyopangiwa Idi tangu Januari inaweza kuwaandika watoto wote watoro siku ya sikukuu. Weka kitufe cha "kesho mapumziko", mwalimu akibonyeze usiku uleule.

Meir Lehman, mtaalamu wa kompyuta, alilisema hili tangu 1974: programu inayotumika katika shughuli za watu isipobadilishwa, manufaa yake huzidi kupungua. Nalisadiki, kwani hata usipoigusa, vilivyo chini yake vinasogea. Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ilifikia mwisho wake 1 Januari 2020. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Na mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32, nafasi ya namba yenye kikomo, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Andika katika daftari toleo la kila kitu unachokitegemea, ulipitie kila likizo.

Marekebisho nayo yafanye likizo, si wiki ya kulipa ada. Nakili data, jaribu kwenye nakala, ndipo uguse ya kweli.

Mhasibu akiomba kitu kipya, usikimbilie kuandika. Kaa ubavuni mwake asubuhi nzima umtazame. Ukimkuta anaandika risiti kwa mkono kwanza, halafu ndiyo anaziingiza kwenye kompyuta, anzia hapo.