Kabla hujang'oa mazabodi, kama hutaki kupiga Windows upya

Bisibisi siyo kazi. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta ya mezani, hata kijana anayejifunza anaitoa na kuirudisha. Kinachotutesa mafundi hapa Arusha ni diski yenye kila kitu cha mteja, halafu Windows inagoma kuwaka juu ya bodi ngeni. Ndiyo maana maandalizi karibu yote hufanyika wakati bodi ya zamani ingali inawaka, hata kwa kusuasua.

Data kwanza inanakiliwa kwenye diski ya nje. Hilo halina mjadala.

Kisha BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski isisomeke bila ufunguo. Hii niliijua kwa aibu. Dada mmoja mwenye stesheneri kule Ngarenaro aliniletea mashine inayozima ovyo. Nikabadili bodi, nikawasha, ikaja skrini ya bluu inayodai namba yenye tarakimu 48.

"Namba gani tena, kaka? Mimi sijawahi kufunga kitu."

Alisema kweli. Windows yenyewe huweza kuifunga diski ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, na TPM, chipu ya usalama inayotunza ufunguo, huifungua kimyakimya kila unapowasha. Chipu hiyo ilikuwa kwenye bodi niliyokwisha kuitoa. Bahati nzuri haikuwa imekufa kabisa. Nikairudisha, ikawaka, nikazipata namba. Ingekufa, namba tungeitafuta kwenye akaunti ya Microsoft, yaani tungeanza kumtafuta mpwa wake aliyemfungulia ile akaunti na kuondoka na nenosiri.

Kwa hiyo fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikionyesha diski imefungwa kwa BitLocker (Encrypted), andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Karatasi, siyo faili ndani ya diski hiyohiyo; nimeyaona hayo pia. Baada ya hapo simamisha ulinzi kwa muda.

Muulize mwenye mashine nenosiri lake halisi la akaunti. PIN anayobonyeza kila siku nayo imeshikamana na TPM, na kwenye bodi mpya haitamfungulia.

Leseni iliyokuja na mashine toka kiwandani imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo mwambie mapema kwamba huenda akanunua nyingine. Kama ni leseni ya kununuliwa kando, iunganishe na akaunti ya Microsoft kabla ya kuzima. Baadaye, kwenye ukurasa wa Activation, utachagua kwamba umebadili kifaa cha ndani ya mashine hivi karibuni.

Andika msinfo32, utazame mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kuwaka, hakikisha bodi unayonunua bado inakubali kuwaka kwa mtindo huo, maana nyingi za sasa zinataka UEFI tu, ule mtindo mpya. Diski unaweza kuigeuza ifuate mtindo mpya kwa amri ya mbr2gpt, ila kwanza uwe na ile nakala. Ingia pia kwenye bayosi uone diski inasomwa kwa njia ipi kati ya mbili, AHCI au RAID. Mashine nyingi za Dell za mtumba zimekaa RAID. Bodi mpya ikija na AHCI, utapata INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na utailaumu diski bure.

Weka draiva ya mtandao ya bodi mpya kwenye flashi. Bila hiyo Windows inaweza kuwaka vizuri ikakosa intaneti, na bila intaneti hata leseni haithibitishwi.

Bodi zetu nyingi hutoka Kariakoo kwa basi, kwa hiyo kosa moja la kuagiza ni siku na nauli. Soketi ya prosesa na aina ya rami kila fundi huuliza. Kinachosahaulika ni plagi ya pawa saplai: mashine nyingi za Dell aina ya OptiPlex hazitumii ile ya kawaida ya pini 24, na kasha lake halikubali bodi ya dukani. Hapo tafuta bodi ya modeli ileile.

Mwisho kabisa, piga picha ya vile vinyaya vidogo vya swichi ya kuwashia kabla hujavichomoa.